Staa akiua, "atakuwa mgonjwa wa akili": huruma hii inamsaidia nani?

Msemakweli
Wakuu, mtu maarufu akiua, maiti haijafika mochwari mitandao imeshatoa cheti cha daktari. "Huyu hakuwa yeye." "Msongo wa mawazo huo, jamani." Kibaka wa Manzese hapewi cheti hicho hata siku moja. Hoja yangu: umma hauna haki ya kudhani kuna ugonjwa wa akili nyuma ya mauaji mpaka kuwe na ushahidi, na tunapodhani hivyo kwa mastaa tu, tunafanya upendeleo.

Tutumie kesi iliyokwisha na ambayo rekodi zake ziko wazi, ya Oscar Pistorius. Alfajiri ya 14 Februari 2013, Pretoria, alifyatua risasi nne kupitia mlango wa choo uliofungwa na kumuua Reeva Steenkamp, miaka 29, mwanamitindo na mhitimu wa sheria. Miezi sita nyuma, London 2012, alikuwa mwanariadha wa kwanza aliyekatwa miguu yote miwili kukimbia kwenye Olimpiki. Utetezi wake: alidhani ni mwizi. Anayenipinga aje na hoja.

Wakili Sakina
Ndugu Msemakweli, kwanza tutenganishe mambo matatu. Kuna kuumwa. Kuna kuumwa kwa kiwango kinachomwondolea mtu hatia. Na kuna hali isiyoondoa hatia ila inaweza kupunguza adhabu. Mitandaoni yote matatu hutiwa chungu kimoja.

Mei 2014 daktari wa magonjwa ya akili upande wa utetezi, Merryll Vorster, aliiambia mahakama kwamba Pistorius ana wasiwasi uliopitiliza, na kwamba mizizi yake iko utotoni. Hakuna wakili wake aliyesema mteja ni mwendawazimu. Aliyesimama kuomba apelekwe kuchunguzwa ni mwendesha mashtaka, Gerrie Nel! Mpaka leo wapo wanaoapa kwamba utetezi ndio uliokimbilia kichaka hicho. Hesabu ya Nel ilikuwa rahisi: dalili ikishatajwa kizimbani na kuachwa ikining'inia, itarudi kwenye rufaa. Akamhoji daktari mpaka akakubali kwamba mtu mwenye hali hiyo akiwa na silaha anaweza kuwa hatari, kisha akamwambia Jaji Thokozile Masipa: basi sheria inataka achunguzwe. Ni vifungu vya 78 na 79 vya Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya Afrika Kusini ya mwaka 1977.

Akaenda hospitali ya akili ya Weskoppies, siku 30 kama mgonjwa wa nje: asubuhi anaripoti, jioni anarudi kwa ami yake. Madaktari bingwa watatu na mwanasaikolojia mmoja. Tarehe 30 Juni ripoti ikasomwa: siku ya tukio hakuwa na ugonjwa uliomzuia kujua kosa wala kujizuia nalo. Mjadala wa "hakuwa na akili zake" kisheria ulifia hapo. Mitandaoni haujafa.

Ngosha
Wakili, sheria umeieleza vizuri, lakini binadamu umemruka. Miguu ile ilikatwa akiwa na miezi 11. Usiku anavua miguu bandia, yuko juu ya vigutu, hawezi kukimbia, anaishi kwenye nchi ya uhalifu mkubwa, nyumba ina bastola. Hofu ya mtu huyo si hofu yangu na yako. Kumwonea huruma si kumtetea. Na kuna hatari nyingine: mkiimba kila siku "si mgonjwa, ni katili tu", mwanaume mwenye sonona atajificha zaidi. Nani atakwenda kliniki kama akisema naumwa anaambiwa anatafuta kisingizio?

Nesi wa Zamu
Ngosha, hoja yako ya mwisho nakubaliana nayo. Ila nieleze uchunguzi unavyofanyika, maana watu wanadhani daktari anamtazama mtu usoni halafu anaandika.

Maswali ni mawili na kila moja lina tarehe yake. La kwanza: leo, anaweza kuielewa kesi na kumwelekeza wakili wake? La pili: siku ile, saa ile, akili yake ilikuwaje? Mtu anaweza kufika mahakamani ametulia kabisa kwa sababu ameshaanza dawa rumande, kumbe siku ya tukio alikuwa anasikia sauti. Na kinyume chake kipo: alikuwa mzima siku ya tukio, akavunjika baada ya kuona alichokifanya.

Jopo linasoma jalada la polisi, linaita ndugu, linatafuta rekodi za shule na za matibabu ya kabla ya tukio. Linamhoji mtu yule yule siku tofauti, kuona kama maelezo yanabaki palepale. Kuna vipimo vya kisaikolojia vyenye maswali ya kumnasa anayeigiza. Mwigizaji huwa anakubali kila dalili, hata zile ambazo haziendi pamoja. Aliyelazwa wodini anaangaliwa usingizi, kula, anavyoongea na wenzake asipojua kuna anayemtazama. Mkojo unapimwa dawa za kulevya. Damu: kaswende, VVU, tezi ya shingo, kwa sababu yote hayo yanaweza kuvuruga akili. Kifafa kikihisiwa, umeme wa ubongo unapimwa.

Penye kuharibika ni muda. Hapa Tanzania mshtakiwa anapelekwa Isanga, Dodoma, chini ya hospitali ya akili ya Mirembe, na sheria imempa mkuu wa hospitali siku 42 kuandika ripoti. Lakini kama mtu amekaa rumande muda mrefu kabla ya amri kutolewa, jopo linachunguza usiku uliopita zamani, na ndugu walioona mabadiliko yake wameshasahau nini kilianza lini. Ndiyo maana daktari wa kwanza aliyemwona, hata wa zahanati, akiandika vizuri, karatasi yake inaweza kuwa na uzito kuliko ripoti ndefu ya baadaye.

Sasa rudi kwa Pistorius. Mwanasaikolojia wa lile jopo alimkuta na sonona na kiwewe, vyote vilivyokuja *baada ya* tukio. Alipotapika mahakamani daktari akieleza majeraha ya marehemu, hadi akawekewa ndoo miguuni, nusu ya dunia ikasema "mnaona, hana hatia", nusu ikasema "anaigiza". Matapishi ya 2014 hayana habari yoyote kuhusu alfajiri ya 2013. Pande zote mbili zilisoma kitabu kisichoandikwa.

Wakili Sakina
Niongezee kwa wasomaji wa Kenya na Tanzania, maana sheria zetu zinafanana ila si pacha. Kote kuwili mtu anahesabika ana akili timamu mpaka ithibitishwe vinginevyo, na mzigo wa kuthibitisha ni wa mshtakiwa, ingawa kwa kiwango cha chini: inatosha ionekane kuna uwezekano mkubwa zaidi. Kenya inauliza kama alijua anachofanya na kama alijua ni kosa. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania ina la tatu: kama alikuwa na uwezo wa kulidhibiti tendo. Hilo la tatu ndilo gumu kuthibitisha, kwa sababu kushindwa kujizuia na kutotaka kujizuia kwa nje vinafanana.

Na anayeshinda kwa utetezi huu harudi nyumbani jioni hiyo. Anawekwa hospitali kwa amri, na anaweza kukaa kuliko aliyefungwa. Kenya uamuzi wenyewe ulikuwa unasomeka "ana hatia lakini ni mwendawazimu", na kifungo cha muda usiojulikana kimepingwa na majaji wa Mahakama Kuu katika kesi kadhaa. Kwa hiyo wanaosema "atajifanya chizi atoke" hawaijui hiyo njia inaishia wapi.

Mkwaju
Wapenzi wa mieleka mtamkumbuka Chris Benoit. Juni 2007, Georgia, Marekani: alimuua mkewe Nancy na mtoto wao Daniel wa miaka 7, kisha akajiua. Jumatatu tarehe 25 WWE, kampuni yake ya mieleka, ikarusha kipindi cha saa tatu cha kumuenzi, wenzake wanalia kwenye kamera. Kesho yake bosi wa kampuni, Vince McMahon, akatokea kusema jina hilo halitatajwa tena kwenye kipindi cha usiku huo. Hiyo ndiyo bei ya kuwahi: waliomlilia muuaji hawakupata tena nafasi ya kuwalilia waliouawa, na Nancy mwenyewe alikuwa mtu wa mieleka wa miaka mingi.

Halafu zikaja sababu. Kwanza dawa za kujenga misuli. Septemba mwaka ule madaktari, akiwemo Mnigeria Bennet Omalu, wakatangaza ubongo wake ulikuwa umeharibiwa na mapigo ya kichwa ya miaka mingi. Hilo ni kweli na ni zito. Lakini uharibifu ule huthibitishwa kwa kukata ubongo wa marehemu, na wapo wengi waliokutwa nao ambao hawakuua mtu. Unaeleza ubongo. Hauelezi siku tatu za mauaji yale.

Ngosha
Mkwaju, hapo umejifunga mwenyewe. Ubongo uliharibika, basi mtu aliumwa. Mnataka nini zaidi?

Mkwaju
Nataka kinachounganisha. Mtu mwenye kisukari akiiba, kisukari anacho na wizi kaufanya. Aliyesema kimoja kimesababisha kingine ndiye wa kuthibitisha.

Chebet
Mimi niulize upande ambao mnauruka. Agnes Tirop aliuawa nyumbani kwake Iten tarehe 13 Oktoba 2021, mwezi mmoja baada ya kuweka rekodi ya dunia ya kilomita 10 ya wanawake peke yao, dakika 30 na sekunde 1. Pale staa ndiye aliyeuawa. Je, huruma ilimfikia kwa kasi ile ile? Wapo walioanza kuuliza pesa za mashindano alikuwa anazishika nani. Yaani staa wa kiume akiua tunauliza kichwa chake kilikuwaje. Staa wa kike akiuawa tunauliza alimkosea nini mwenzake. Na Reeva, siku iliyofuata kifo chake, The Sun la Uingereza lilimweka ukurasa wa mbele akiwa na vazi la kuogelea.

Shirika la Umoja wa Mataifa la dawa za kulevya na uhalifu lilikadiria kwamba mwaka 2023 wanawake na wasichana 51,100 waliuawa na wenza au ndugu, 140 kwa siku, na Afrika ndiyo iliyoongoza, takriban 21,700. Mkisema hao wauaji wote ni wagonjwa, mmewatukana wagonjwa wengi sana.

Nesi wa Zamu
Na takwimu za upande wa wagonjwa zipo. WHO inasema mwaka 2019 mtu 1 kati ya 8 duniani alikuwa na tatizo fulani la afya ya akili, kama milioni 970. Marekani, mtafiti Jeffrey Swanson na wenzake walikadiria kwamba magonjwa makubwa ya akili yakitoweka yote, ukatili ungepungua kwa takriban asilimia 4 tu. Kinachotabiri ukatili vizuri zaidi ni historia ya ukatili, pombe na madawa, vitisho vilivyokwisha kutolewa, na silaha iliyo karibu. Ila nisidanganye: skizofrenia isiyotibiwa ikichanganyika na pombe, hatari inapanda kweli. Dawa ikikatika kituoni miezi miwili, familia inajua.

Mhariri wa Usiku
Chumba cha habari kingeweza kuzima nusu ya moto huu. Saa za kwanza andika kilichothibitishwa na nani kakithibitisha, sababu iache. "Jirani anasema alikuwa na msongo" si habari ya afya, ni maoni ya jirani. Ugonjwa utajwe pale tu kuna rekodi au ushahidi uliotolewa mahakamani, na uandikwe jina la ugonjwa, nani kaupima, na lini. Aliyeuawa apewe jina na kazi yake kwenye aya ya kwanza, asiwe "mpenzi wa fulani". Picha ya mshtakiwa na medali irudi kabatini. Palipo na kujiua, njia isielezwe na namba ya msaada iwepo. Tatizo ni kwamba ofisi inalipwa kwa kubofya, na kichwa chenye "siri nzito ya staa" kinabofywa. Sijaona kanuni iliyoshinda hilo.

Ngosha
Sawa. Jibuni hili basi: huruma ilibadilisha nini hasa pale Pretoria? Mnaisema kama jinai.

Wakili Sakina
Ilibadilisha miaka. Septemba 2014 alikutwa na kosa la kuua bila kukusudia, akapewa miaka 5, akatoka kwenda kifungo cha nyumbani baada ya mwaka mmoja. Desemba 2015 Mahakama ya Juu ya Rufaa ikasema ni mauaji: anayefyatua risasi nne kwenye chumba kidogo ameona kabisa kwamba aliyemo atakufa, awe Reeva awe mwizi. Wenyewe wanaita dolus eventualis. Kima cha chini ni miaka 15 isipokuwa pawe na sababu nzito za kukipunguza. Juni 2016 utetezi ukamtembeza mahakamani juu ya vigutu. Baba wa marehemu, Barry Steenkamp, akaomba picha za majeraha ya binti yake zionyeshwe dunia nzima. Masipa akatoa miaka 6. Novemba 2017 rufaa ikasema hiyo ni adhabu ndogo ya kushtua, ikaweka miaka 13 na miezi 5. Kutoka 6 mpaka 13, Ngosha. Huo mwanya ndio ulikuwa na huruma ndani yake.

Ngosha
Na alipotoka kwa parole, 5 Januari 2024, wakamwekea sharti la tiba ya hasira na mafunzo ya ukatili wa kijinsia hadi 2029. Kama kichwani hakuna tatizo, tiba ya nini?

Nesi wa Zamu
Hasira si ugonjwa. Ni tabia inayofundishika. Unajifunza kuzitambua dalili za mwilini kabla haijapanda, kuondoka chumbani, kutokunywa, kutokuwa na silaha ndani. Ndiyo maana pombe nayo ilizuiwa.

Ngosha
Tabia inayotibiwa na mwanasaikolojia mnaiita si ugonjwa. Mtanivumilia, hapo sijaelewa, na sidhani ni mimi peke yangu.