Hafla ya kuwashukuru wafanyakazi: nani atapika, nani atabaki mlangoni?

Bi Msimamizi, Lamu

Assalaam aleikum ndugu zangu. Nasimamia nyumba ya wageni hapa mjini Lamu yenye wafanyakazi 19, wakiwemo wapishi, wasafishaji wa vyumba, madobi, mabaharia wa mashua yetu na walinzi wawili wa usiku. Mwaka jana tuliwaandalia karamu ghorofa ya juu baada ya swala ya Isha, tukakodi vipaza sauti na kumtangaza mfanyakazi bora wa mwaka, nami nikaamini kwamba tumewatendea wema. Kesho yake ndipo nilipotambua kuwa wapishi wetu walikuwa wamechoka kuliko siku ya wageni wengi, walinzi walipelekewa chakula kikiwa kimepoa, wenzetu wanaovuka kwenda Mokowe, upande wa bara, waliondoka kabla ya kula kwa kuchelea kukosa chombo, na zawadi ile moja ilizua manung'uniko yaliyodumu miezi. Jambo hilo limenikaa moyoni.

Mwaka huu nimefikiria kuifanya Mei Mosi, ambayo mwaka 2026 inaangukia Ijumaa, kwa kuwa wageni wa Pasaka watakuwa wameondoka na nyumba yetu hufungwa mvua za masika zinapokolea. Fedha si nyingi. Naomba ushauri wenu kuhusu siku, chakula na zawadi.

Afisa utumishi mstaafu, Malindi

Wa aleikum salaam, Bi Msimamizi. Nakuomba uiache Mei Mosi. Hiyo ni sikukuu ya taifa, yaani ni siku ya mapumziko ambayo tayari ni haki yao, na ukiwaita kazini siku hiyo, hata kama ni kwa pilau, utakuwa umewashukuru kwa kilicho chao. Zaidi ya hayo, chakula cha mchana kitagongana na swala ya Ijumaa. Chagua siku ya kazi, kwa mfano Jumatano tarehe 29 Aprili, uifanye mchana ndani ya saa za kazi kwa mshahara kamili, wala usiihesabu katika siku 21 za likizo ambazo Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi kwa kila miezi 12 ya utumishi. Usipokee wageni siku hiyo. Ikiwa haiwezekani kufunga mlango, basi fanya hafla mara mbili, kila zamu na siku yake, na ya pili isipungukiwe na chochote kilichokuwapo katika ya kwanza.

Kabla ya yote hayo, kagua daftari la mishahara. Nimehudhuria karamu katika hoteli ambayo saa za ziada za miezi mitatu zilikuwa hazijalipwa, na sijasahau jinsi watu walivyokula kimya. Kama kuna deni, lipa deni kwanza, hata kama itakubidi uahirishe hafla. Na ukiamua kuongeza fedha taslimu juu ya mshahara, waeleze mapema kwamba kiasi hicho huhesabiwa katika kodi ya mapato, ili mtu asitarajie elfu tano akapokea pungufu akadhani amedhulumiwa.

Mpishi wa shughuli, Langoni

Bi Msimamizi, wapishi wako wasishike mwiko siku hiyo. Tafuta mpishi wa nje apike kwake, kisha sufuria ziletwe kwa punda, na kazi ya kupakua muifanye wewe na mwenye nyumba kwa mikono yenu. Kilo moja ya mchele wa pilau mimi huihesabia watu saba au wanane; kwa hiyo ukitaka kila mfanyakazi ale na pia apeleke sahani nyumbani kwa mwenza na watoto, ambalo ndilo ningelipigania, hesabu watu 60 na kilo nane. Kila sinia likaliwe na watu wanne, wanawake wawe na upande wao ili wakae kwa raha, na mfunge kwa halua na kahawa. Vipaza sauti havihitajiki.

Dobi, Shela

Mimi ni mfanyakazi, si msimamizi, na nimefua mashuka ya wageni kwa miaka kumi na miwili. Fulana yenye nembo ya hoteli kwetu ni sare, si zawadi. Doti ya leso yenye jina zuri, yaani ule usemi ulioandikwa juu yake, mwanamke huivaa mpaka itoboke, na mwanamume mpe kikoi. Hiyo zawadi ya mfanyakazi bora iondoeni kabisa, kwa maana jiko na dobi havipimwi kwa kipimo kimoja.

Lililonigusa mimi katika miaka yote hiyo halikugharimu kitu. Msimamizi mmoja alisimama mbele ya wenzangu akasema kwamba katika ile wiki ya mvua mfululizo hakuna mgeni aliyelalia shuka lenye unyevu, kwa sababu nilikuwa nikizianika chini ya makuti na kuzigeuza usiku. Sikujua kama alikuwa ameona. Msifu kila mtu kwa kazi yake hasa, Bi Msimamizi, usiseme tu kwamba wote wamejitahidi.

Bi Msimamizi, Lamu

Nawashukuru sana. Tarehe 29 imekubaliwa na mwenye nyumba, na saa za ziada za Desemba zitalipwa wiki hii, kwani nilipofungua daftari nilikuta kweli zimebaki. Tangu jana ninaandika jina la kila mmoja na jambo alilolifanya ambalo mwingine hakulifanya. Nimekamilisha 17. Waliobaki ni walinzi wawili wa usiku, ambao huingia ninapoondoka na kuondoka kabla sijafika, kwa hiyo leo baada ya Isha nitarudi nikakae nao mlangoni.