Mada ya "vuli" kwa PP1 (mwaka wa kwanza wa chekechea): majani mekundu tutayatoa wapi Mombasa?

mwalimu_kisauni
Assalaam aleikum waalimu. Kitabu cha mada tunachofuata ni cha Uingereza, na wiki mbili za kabla ya Siku ya Mashujaa (20 Oktoba) zimeandikwa "vuli": majani mekundu, maboga, masweta. Watoto ni 24, wa miaka minne na mitano. Tuna darasa moja na kibaraza chenye kivuli. Nataka kazi za mikono, si kupaka rangi picha zilizochapishwa. Majani nitayapata wapi, na boga moja litatosha?

bi_chekechea
Waaleikum salaam. Anza na neno lenyewe. Vuli ya kitabuni ni Septemba hadi Novemba kule Ulaya, mchana unapofupika na miti kujiandaa kwa baridi. Sisi tuko nyuzi 4 tu kusini ya ikweta, mchana wetu haubadiliki kitu, na vuli yetu ni mvua ya Oktoba hadi Desemba. Mtoto akienda kumwambia nyanyake kwamba vuli ni majani kuanguka, atachekwa. Kwa hivyo sema "vuli ya Uingereza" na "vuli yetu", kila moja na ukuta wake darasani.

Majani ni ya mti wa mkungu. Hugeuka mekundu au manjano kabla ya kupukutika, na hata mti ukiwa wa kijani hukosi machache chini yake. Okoteni asubuhi, lililolala juani mpaka adhuhuri huvunjika mkononi. Futa mchanga, yalaze kati ya kurasa za gazeti, tatu chini tatu juu, kisha gandamiza kwa vitabu. Gazeti libadilishwe kila siku kwa siku nne au tano. Wengi huharibu hapa: hewa yetu ina unyevu, na gazeti likiachwa wiki nzima utafungua ukute ukungu mweupe.

Ya kusugua kwa krayoni usiyakaushe. Geuza jani mishipa iwe juu, libandike mezani kwa selotepu lisiteleze, weka karatasi nyembamba, kisha krayoni iliyovuliwa karatasi yake ilazwe ubavu. Kwa ncha mtoto huchana karatasi, na mishipa haitoki.

Mkiokota, chunga mbarika. Mbegu zake zina madoa ya kupendeza na ni sumu kali.

mama_wa_marikiti
Boga moja la kilo tatu au nne latosha. Siku ya kwanza usilikate. Waulize: likitiwa kwenye karai la maji litazama au litaelea? Wengi watasema litazama kwa kuwa ni zito. Litaelea, kwa sababu ndani lina uwazi, na hapo ndipo wataanza kuuliza wenyewe.

Siku ya pili kata wewe, wao wachote mbegu kwa vijiko. Zioshe kwenye chujio mpaka utelezi uishe, uzianike juu ya sinia. Kwenye karatasi zitaganda. Za kuhesabu, chukua trei ya mayai ya matundu 30, ikate vipande vya safu mbili mbili. Kila kipande kina matundu 10, tundu moja mbegu moja. Kwa PP1 hii inashinda ubao, maana kumi anaiona kwa macho.

Nyama ya boga ipikwe siku hiyo hiyo, kwa tui la nazi na sukari kidogo. Kwa joto letu boga lililokatwa halilali nje. Kwa hiyo na zile sura za kuchonga kitabuni ziruke tu.

kipimamvua
Kwa ukuta wa "vuli yetu" tengenezeni kipima mvua. Chupa ya plastiki ya lita moja na nusu yenye ubavu ulionyooka, ikate chini kidogo ya mabega, kisha kipande cha juu kipindue ukitie mdomoni kiwe faneli. Kitako cha chupa kina mabonde, kwa hivyo tia kokoto na maji mpaka ufike sehemu iliyonyooka, piga mstari: hiyo ndiyo sifuri. Bandika rula kuanzia hapo. Iweke wazi, mbali na mti na paa. Someni saa tatu kila asubuhi, mtoto apake rangi mraba mmoja wa kalenda kwa kila milimita 5, kisha mwage na urudishe maji mpaka mstarini. Usipomwaga, utafuga mbu.

Tarehe 10 Oktoba ni Siku ya Mazingira hapa Kenya. Hapo pandeni zile mbegu za boga: tatu kwa kila pakiti ya maziwa iliyotobolewa chini, kina cha sentimita 2. Zikipata maji na joto huchipua ndani ya wiki moja hivi.

mwalimu_kisauni
Shukrani. Na unga wa kuchezea? Wetu hutoa jasho siku ya pili.

bi_chekechea
Ni chumvi inayovuta unyevu wa hewa. Vikombe 2 vya unga wa ngano, kimoja cha chumvi laini, vijiko vikubwa 2 vya mafuta, 2 vya maji ya ndimu, vikombe 2 vya maji. Koroga kwenye sufuria kwa moto mdogo mpaka ujiachie kandoni, uache upoe kabisa ndipo uutie mkebeni. Ukifunikwa moto, mvuke wote unarudi ndani. Asubuhi ukinata, ukande na kijiko kimoja cha unga mkavu. Bizari ya kutia rangi usitie, itahamia kwenye sare za watoto.