Tupeane uzoefu: umewahi kusafiri kwa mto ambao watu huuamini kuwa mtakatifu?

Ndugu zangu, salaam. Mimi ni mkazi wa Pangani, Nairobi, na kila asubuhi matatu ninayoipanda huvuka mto uliolipa jiji hili jina, ule ambao Wamaasai waliuita maji baridi. Siku hizi abiria hufunga madirisha kwa sababu ya uvundo. Sikuwa nimewahi kuufikiria mto wowote kwa heshima hadi nilipoandamana na familia ya marehemu mwajiri wangu, Mhindi mzaliwa wa Ngara, aliyechomwa Kariokor na kuacha wosia kwamba majivu yake yapelekwe Varanasi, mji mtakatifu wa Wahindu huko India.

Tulipanda mashua ya makasia kabla ya alfajiri. Mto Ganges hapo hugeuka ukaelekea kaskazini, kwa hiyo ngazi za mawe za ukingo wa magharibi hulikabili jua linapochomoza. Huku moshi wa Manikarnika, ambako maiti huchomwa usiku na mchana, ukitupitia usoni, mwanawe alifungua kifuko chekundu, akayamimina majivu polepole, na mengine yakapeperuka yakatua juu ya kasia. Mpiga makasia hakuyapangusa. Alilichovya kasia majini, kisha akachota maji kwa kiganja, akayanywa. Mimi Mprotestanti, niliyelelewa kumcheka Naamani kwa kuudharau Yordani na kuisifu mito ya Dameski, niligundua kwamba nimekunja pua kama yeye.

Naomba tusimuliane. Mjadala wa dini ipi ni bora tuuache mlangoni.

Mjukuu wa Kipini:
Kwangu ni Tana, mto mrefu kuliko yote nchini. Nilikuwa nikipanda kutoka Kipini kuelekea Ozi kwa mtumbwi wa injini, na wakati wa alasiri nikainama ubavuni ili nitie udhu. Nahodha, mzee wa Kipokomo mwenye umri wa babu yangu, alinishika ukosi wa kanzu akasema, “Mjukuu wangu, mkono hautiwi hapa,” akanipa kata yenye mpini mrefu. Nilitawadha kwa hofu ya mamba na hofu ya Mola kwa pamoja, na sithubutu kusema ipi ilikuwa kubwa. Shida ikabaki kibla, kwani mto ule hupinda kiasi kwamba kaskazini huwa mbele, mara ikawa begani. Mzee akazima injini, akachomeka upondo topeni, akaushikilia mtumbwi mpaka nilipotoa salamu.

Binti wa Kayole:
Mimi sijasafiri kwa mto. Maji ndiyo yaliyosafiri. Shangazi yangu alirudi kutoka Al-Maghtas, mahali panapoaminiwa kuwa Yesu alibatizwa, na chupa ya maji ya Yordani, ambayo baada ya miezi michache yaliota ukungu wa kijani. Mama alikataa katakata yamwagwe kwenye sinki, tukayamwagia mche wa parachichi uani. Mche huo uliliwa na mbuzi wa jirani kabla haujafika magotini, na mpaka leo Mama humwamkia mbuzi yule kwa adabu.