Mliofunga injini ya turbo kwenye gari lisilo la turbo: sensa ya oksijeni mliipataje? Tupeane uzoefu

Mwanga Sokoni:
Wakuu, salaam. Leo nimepita gereji moja hapa Katubuka, Kigoma, nikakuta Mark II GX110 imeng'olewa injini yake ya 1G isiyo na turbo, imepigwa 1JZ-GTE ya turbo iliyotoka Dar. Inatoa moshi mweusi kama inachoma tairi. Fundi anasema sensa ya oksijeni mbovu, ile ya kwenye ekzosti inayoiambia kompyuta petroli imezidi au imepungua, leta nyingine. Hiyo ni ya tatu! Nikakumbuka mateso yangu. Nilienda dukani na sensa ya zamani mkononi, muuzaji akaangalia soketi, akaangalia nyuzi za kufungia, akasema "hii hii, waya nne, mashine zinafanana." Ikaingia vizuri kabisa, ila tangu hapo gari linakunywa kuliko lori, na fyuzi nimeshabadilisha mbili. Mpaka leo sijui nilinunua nini. Mliopitia haya, mlichaguaje?

Kijana wa Gungu:
"Waya nne, mashine zinafanana." Kauli hiyo imenifilisi.

Testa Mkononi:
Mkuu, waya nne hazisemi kitu. Sensa ya kawaida ina waya nne, A/F (sensa ya uwiano wa hewa na petroli) ya Toyota za baadaye nayo ina waya nne, uzi wa kufungia M18 zote mbili, tundu lilelile. Ila ya kawaida inazalisha volti yenyewe: petroli ikizidi inatoa karibu 0.9, hewa ikizidi inashuka hadi 0.1, na kompyuta ya 1JZ inasubiri huko kupanda na kushuka. A/F inaongea kwa mkondo mdogo wa umeme unaopimwa na kompyuta yake. Ukiichomeka kwenye kompyuta isiyoijua, ni kama umempigia mtu simu unaongea Kifaransa cha Bujumbura, naye anajua Kiha tu.
Kwa hiyo unachagua kwa kufuata kompyuta iliyofungwa, si jina lililoandikwa kwenye kadi ya gari. Ukiwa dukani chukua testa, pima waya mbili za hita, ile inayopasha sensa joto, sensa ikiwa ya baridi. Sensa ya kawaida ya kampuni ya Denso inakupa omu 11 hadi 16. A/F utaona 2 au 3, nyingine hata 1. Muuzaji akikataa usipime, ondoka.

Bolti Moja:
Hayo ya darasani. Yangu ilikufa nikaitoa, tundu nikaziba kwa bolti. Ukikanyaga, turbo ikaanza kusukuma, kompyuta haisikilizi sensa hata kidogo, inafuata hesabu zake za ndani. Sasa ninunue ya nini?

Testa Mkononi:
Unakanyaga mpaka mwisho dakika ngapi kwa siku? Mwanga mpaka Ujiji, bodaboda zimekuzunguka kote, unakanyagia wapi? Mwendo wa taratibu ndipo sensa inapofanya kazi.

Bolti Moja:
Mbona gari linatembea?

Testa Mkononi:
Hata punda anatembea.

Mkwe Mwema:
Acheni kugombana, niwape kisa. Agosti, nyasi zimekauka hadi zinalia. Nampeleka mama mkwe Tabora na Forester yangu, nimeifunga EJ20 ya turbo, sensa mpya, sahihi, nimepima kwa mkono wangu. Mama kapakia madumu mawili ya mawese, dagaa, na trei ya mayai ya kienyeji ameipakata. Tumepita Uvinza, mshale wa mafuta unashuka nauona. Baada ya daraja la Malagarasi ikaanza harufu ya mayai viza.

Nikamtazama mama kwenye kioo. Naye ananitazama. Jamani, nani atamwambia mama mkwe kwamba mayai yake yameoza? Nikafungua dirisha, nikasema joto limezidi. Mama akafungua la kwake. Kumbe naye ameshaamua ni mimi na ananisitiri! Tulienda hivyo kama kilomita arobaini, kimya, kila mtu na heshima zake.

Nikasimama kuchimba dawa, gari nimeliegesha pembeni kwenye nyasi. Narudi naona moshi chini ya mlango wa dereva. Kuinama, masega, yale ya kwenye ekzosti ya kusafisha moshi, yamekuwa mekundu kama mkaa wa jikoni na nyasi zimeshika. Nikamwaga maji yote ya kunywa, nikarusha mchanga kwa sufuria ya mama, gari nikalisukuma mwenyewe hatua kumi mbele, nguvu sijui zilitoka wapi. Mama alishusha dumu la kwanza, la pili, akashusha mayai, ndipo akauliza, "Baba, hujaungua?"

Chanzo ni gasketi pale turbo inapoungana na bomba, ilikaa upande. Hewa ya nje inaingia kidogokidogo kabla ya sensa, sensa inaona oksijeni nyingi, kompyuta inadhani petroli haitoshi, inaongeza. Petroli isiyoungua na ile hewa vinakutana kwenye masega, vinaungulia humo, na ndiyo ile harufu. Na mimi nilikuwa nimeshaagiza sensa nyingine.

Dagaa Mbichi:
Mayai yalipona?

Mkwe Mwema:
Yote thelathini.

Mama wa Kasulu:
Mnamcheka mama wa watu. Dumu la mawese la lita 20 mnalijua bei yake?

Kijana wa Gungu:
Wakuu, turudi kwenye sensa.

Dagaa Mbichi:
Sensa baadaye. Harufu ile alikuja kuambiwa ukweli?

Isevya:
Huku Tabora kosa langu lilikuwa rangi. Nilinunua Bosch ya kuunga, aina sahihi, fundi akaunga rangi kwa rangi. Kumbe Denso nyeusi mbili ni hita, bluu ni taarifa, nyeupe ni ethi. Bosch nyeupe mbili ndizo hita, nyeusi ni taarifa, kijivu ni ethi. Nyeusi kwa nyeusi, volti 12 za hita zikaingia kwenye sensa ambayo kazi yake haifiki hata volti moja. Ilidumu kutoka gereji mpaka Cheyo. Na msizilehemu hizo waya, nyingine zinavuta hewa safi kupitia ndani yake. Zibaneni kwa koleo.

Fundi Kimya:
Aliyeongeza presha ya turbo atafute waidibendi, sensa inayopima mchanganyiko wa hewa na petroli kwa upana zaidi, na saa yake ya kuusoma. LSU 4.9 ya Bosch, waya tano. Baada ya turbo, si kabla, presha na joto la kule vinaipotosha. Iingie kwa juu, kichwa kitazame chini, la sivyo maji ya asubuhi ya ndani ya bomba yataipasua. Silikoni ya kawaida isikaribie ekzosti.

Bolti Moja:
Saa, waya tano, kichwa chini. Bolti yangu ilikuwa buku.

Mwanga Sokoni:
Nimerudi. Nimepima nikiwa nimelala chini ya gari, mchanga hadi masikioni: omu 2.4. Ni A/F, hita yake inavuta umeme mwingi, na sasa fyuzi nazielewa. Nikapeleka testa kule Katubuka, ya kwao ni omu 13, sahihi kabisa. Fundi kanuna. Nimemwacha anafungua bomba la turbo, atazame gasketi.

Dagaa Mbichi:
Mkwe Mwema, mama bado anapanda gari lako?

Mkwe Mwema:
Anapanda treni na madumu yake. Mimi ananikabidhi mayai tu.