Nyie wa "Bonyeza RUHUSU uone matokeo": mmemharibia mama yangu simu na kikoba

Wakuu, heshima kwenu.

Nimerudi juzi kutoka Korogwe kumwona bimkubwa, na tangu nipande basi kurudi Dar hasira haijanishuka. Mnivumilie, uzi ni mrefu: ni wa tovuti zinazomlaghai mtu abonyeze Ruhusu, halafu zinamjazia simu arifa za uongo.

Usiku wa kwanza tunakula, simu yake iko mezani, inatetemeka. Inanyamaza, inatetemeka tena. Nikaanza kuhesabu. Kabla hatujanawa mikono ilikuwa imelia mara kumi na moja. Nikamwuliza, "Mama, nani anakutafuta hivyo?" Akaigeuza kifudifudi. "Achana nayo mwanangu, hiyo simu inaumwa. Ina virusi, hata fundi imemshinda."

Nikaichukua. Juu kabisa pembetatu nyekundu yenye alama ya mshangao: "Simu yako imeharibika na virusi (13)! Safisha sasa". Chini yake alama ya kijani kama ile ya kupokea simu: "Simu 1 hukupokea". Nyingine ina picha ya noti: "Hongera, malipo yako yanasubiri". Kiswahili chenyewe kimetafsiriwa na mashine, lakini mtu wa miaka sitini na nne anayesoma bila miwani hatakagua sarufi. Anaona simu yake mwenyewe inamwambia inakufa.

Sasa tazameni hapa. Kwenye kila moja ya zile arifa, kwa herufi za kijivu ndogo kabisa, palikuwa pameandikwa Chrome, yaani ile brauza ya kufungulia tovuti, halafu nukta, halafu anwani ya tovuti. Maandishi hayo ya kijivu ndiyo kila kitu. Virusi vya kweli havina sababu ya kukuandikia jina la tovuti vilikotoka. Simu ya bimkubwa ilikuwa nzima. Kilichokuwa ndani ni ruhusa, na ruhusa hiyo aliporwa.

Nilimwomba anikumbushe ilianza lini. Ilianza Januari, siku ya matokeo ya kidato cha nne. Mdogo wetu wa mwisho alikuwa kwenye mtihani ule. Bimkubwa hakuijua anwani ya NECTA, Baraza la Mitihani, akaandika tu "matokeo kidato cha nne" na kugusa linki iliyomjia mbele. Ukafunguka ukurasa wenye nembo ya kufanana na ya serikali, na katikati picha ya roboti na mshale unaoelekea juu: "Bonyeza RUHUSU kuthibitisha kuwa wewe si roboti". Kweli juu pakatokea kisanduku chenye Zuia na Ruhusu.

Bimkubwa si mtu wa kubonyeza ovyo. Ni mhazini wa kikoba, kile kikundi chao cha kuweka na kukopa, mwaka wa sita huu, hatoi shilingi bila kuihesabu mara mbili. Akabonyeza Zuia. Ukurasa ukaruka, ukarudi vilevile, ukamwuliza tena. Zuia. Ukarudi tena. Mara ya nne akabonyeza Ruhusu, kwa sababu alitaka kujua mtoto wake amefaulu au amefeli. Ukurasa ukamtupa kwenye tovuti ya kubeti. Matokeo alikuja kuambiwa na mwalimu kesho yake.

Kwa nini Zuia haikumsaidia nimekuja kuelewa nilipofungua orodha ya tovuti alizoziruhusu. Anwani ni ileile, ila mbele imebandikwa herufi na namba tofauti kila mara. Brauza inatunza jibu lako kwa jina zima la tovuti kama lilivyo. Ukiikatalia moja, wanakurusha kwa pacha wake, naye kwa brauza ni mgeni mpya anayebisha hodi kwa mara ya kwanza. Wameketi chini wakapanga kuwa neno hapana la mtu lisifanye kazi. Na ukigusa arifa yao yoyote inakupeleka ukurasa mwingine unaodai Ruhusu nyingine. Kwenye simu ya mama nilikuta tovuti kumi na saba.

Ile ya Januari ililia wiki tatu, mchana na usiku, hata saa nane za usiku. Akaipeleka kwa fundi wa stendi. Kijana akaitazama, akasema virusi vikali, dawa yake ni kuflashi. Elfu ishirini na tano. Hakufungua mipangilio ya Chrome. Hakusoma yale maandishi ya kijivu. Hakumwuliza, "Mama, humu kuna kitu cha kutunza?" Akafuta kila kitu.

Kilichofutwa ni mwezi mzima wa kikoba. Wanachama walio mbali hutuma michango kwa simu, halafu humwandikia ujumbe: hii ni hisa, hii ni marejesho ya mkopo, hii ni mfuko wa jamii. Yeye huhamishia kitabuni mwisho wa mwezi. Alipata baadaye taarifa ya miamala, lakini taarifa inakuonyesha fulani katuma elfu thelathini basi. Haikuambii elfu thelathini ni ya nini. Maelezo yalikuwa kwenye ujumbe, na ujumbe haupo.

Na baada ya hasara yote hiyo hakuna aliyemwambia tatizo lilitoka wapi. Kwa hiyo zilipokaribia siku za majina ya waliopangwa kidato cha tano, alirudi kulekule, akamkuta roboti yuleyule, akabonyeza Ruhusu. Simu ikaanza upya. Safari hii akakata tamaa, akaiweka kimya na kuifungia kabatini. Ndiyo maana nilikuwa nampigia hapokei, siku mbili, siku tatu, na nikamsemesha vibaya kwa hilo. Hili linaniuma mpaka sasa hivi ninavyoandika.

Kwa wasioelewa hii kitu inavyokwenda: arifa za tovuti ziliingia kwenye Chrome mwaka 2015, toleo la 42, na brauza nyingine, Firefox, ikafuata Januari 2016. Kusudi lilikuwa zuri, barua pepe ikiingia ujue hata kama hujafungua ukurasa. Ukibonyeza Ruhusu, tovuti inaacha kijiprogramu ndani ya brauza na kupewa njia ya kukufikia, na njia hiyo inabaki wazi hata ukurasa ukiufunga na kuusahau. Kichwa cha arifa wanaandika wao. Alama yake wanachagua wao. Wakitaka alama ya simu, ya benki au ya antivirusi, wanaiweka, nayo inakaa safu moja na ujumbe wa mwanao. Wenye tovuti wanalipwa na mitandao ya matangazo kwa kila mtu waliyemnasa na kwa kila mguso. Mama yangu ni mguso.

Waliotengeneza brauza wanalijua hili siku nyingi. Mozilla, wenye Firefox, walipima mwaka 2019 wakakuta takribani asilimia 99 ya maombi ya arifa hayakubaliwi, na asilimia 48 yanakataliwa waziwazi. Januari 2020, kwenye Firefox 72, wakaacha kuyarusha usoni mwa mtu. Chrome nayo ikaleta maombi ya kimyakimya kwenye toleo la 80, Februari 2020, na Mei 2025 Google wakatangaza kuwa Chrome ya Android itamwonya mtu akitumiwa arifa yenye dalili za utapeli. Baadaye mwaka huohuo wakasema wenyewe kuwa arifa zinazoguswa hazifiki hata asilimia 1. Sawa, nashukuru kwa maonyo. Lakini kama karibu hakuna anayezitaka, kwa nini kila tovuti duniani bado ina haki ya kuomba? Ingefungwa tangu kiwandani, anayezihitaji aende akafungue mwenyewe. Kinga zote hizi zinakuja na toleo jipya, na Chrome ya bimkubwa haijasasishwa muda mrefu kwa kuwa kusasisha kunakula bando. Anayehitaji kinga kuliko wote ndiye asiyefikiwa nayo.

SMS ya "ile hela tuma kwenye namba hii" ukiipata unaipeleka 15040, namba ya kuripoti matapeli, ina namba ya mtumaji, kuna pa kuanzia. Arifa haina namba. Unaripoti nini?

Sasa nyie wenzetu, na hapa ndipo ninapokasirika zaidi. Roboti na mshale vimetengenezwa mbali, sawa, lakini ukurasa wa "matokeo yametoka, tazama hapa", "nafasi za kazi 400, bonyeza hapa", "majina ya walioitwa kwenye usaili" umeandikwa na Mtanzania, kwa Kiswahili safi, anayejua kabisa Januari wazazi wanatafuta nini na mwezi gani vijana wanatafuta ajira. Wewe ndiye uliyechukua msimbo (code) wa yule wa mbali ukaubandika kwenye blogu yako upate senti. Unajua nani anaingia kwako. Ni watu wenye wasiwasi, wanaoharakisha, wenye bando la kuhesabu. Ukimnyima mtu matokeo mpaka abonyeze Ruhusu, na matokeo yenyewe hunayo, huo ni wizi na usiniambie ni matangazo.

Na mafundi. Najua wapo waaminifu humu, hawa siwagusi. Ila mtu akikuletea simu "ina virusi", bonyeza arifa yenyewe kwa muda mrefu kwanza. Simu itakuonyesha imetoka programu gani. Ikionyesha Chrome na jina la tovuti, hiyo ni kazi ya dakika mbili, hakuna cha kuflashi. Ikionyesha programu usiyoijua, mchezo au tochi au "kisafisha simu", hiyo ni nyingine, iondoe programu hiyo. Kuflashi bila kuuliza ni kuvunja nyumba ya mtu kwa sababu umesikia panya.

Nilivyofanya kwa bimkubwa: nimefungua Chrome, nukta tatu za juu, Mipangilio, nikashuka mpaka mipangilio ya tovuti, nikaingia Arifa. Pale kuna orodha ya walioruhusiwa. Nilizima moja moja zote kumi na saba, yeye amekaa pembeni ananisomea majina kwa sauti, na hakuna hata moja aliyoikumbuka. Halafu, na hili ndilo la maana msiliache, nikazima kile kitufe cha juu kabisa kinachoziachia tovuti nafasi ya kuomba. Ukifuta orodha ukaacha kitufe, keshokutwa wamejaa tena. Ukizima kitufe, roboti anaweza kusimama pale na mshale wake mpaka kesho, kisanduku cha kubonyeza Ruhusu hakimtokei mtu usoni. Kwenye kompyuta andika chrome://settings/content/notifications sehemu ya anwani, utafika palepale. Firefox ya kompyuta ni kwenye mipangilio, sehemu ya faragha na usalama, shuka hadi ruhusa, kuna kisanduku cha kuzuia maombi mapya ya arifa. Wenye iPhone mna nafuu, tangu iOS 16.4 ya mwaka 2023 tovuti haitumi arifa mpaka uiweke mwenyewe kwenye skrini ya mwanzo, ila angalieni kalenda zenu, takataka zilezile hupitia huko.

Nimemwambia mama jambo moja la kushika: hakuna uthibitisho wa kweli wa roboti unaohitaji ruhusa ya arifa. Wa kweli utakuambia chagua picha, au weka tiki, basi. Na matokeo ni necta.go.tz. Nimemwandikia kwenye karatasi, ameibandika ndani ya mlango wa kabati.

Naomba kila mwenye mzazi mwenye simu ya tachi aishike hiyo simu leo afungue hiyo orodha. Mtakachokikuta, wekeni majina ya hizo tovuti hapa chini tuzijue, ila msiweke linki za kubonyezeka. Na mwenye kujua pa kuzipeleka kisheria hapa nchini, kwa mambo ya hakika, si ya kubahatisha, aniambie nipeleke mimi mwenyewe na skrinishoti zangu ninazo.

Kikoba chao kinavunjwa mwezi huu. Walikaa Jumamosi kupiga hesabu, nikiwepo. Kila mtu amepata lake isipokuwa michango ya ule mwezi uliofutwa: kuna laki moja na elfu themanini haijulikani ni hisa za nani na marejesho ya nani. Hakuna aliyemtuhumu, wanamheshimu mno. Bimkubwa amesimama mwenyewe akasema ikatwe kwenye hisa zake.