Haibiskasi ya njano: ya kawaida, ya kubebeshwa au ile ya porini?

Kibarazani_Tanga: Wakuu, nataka haibiskasi ya njano kwenye kona ya uwanja. Muuza miche ana ya kawaida, na ana ile ya kubebeshwa (tawi limeunganishwa juu ya shina la mche mwingine), ua upana wa sahani, bei haikamatiki. Nichukue ipi?

MamaMiche: Ya kawaida, mdogo wangu. Ua la haibiskasi kwa kawaida hudumu siku moja tu, kwa hiyo ukubwa si hoja. Tafuta kichaka kinachotoa matumba kila kukicha. Tena usinunue, omba tawi kwa jirani: unene wa penseli, sentimita 15, kata chini kidogo ya jicho (pale jani linapochomoza), bakiza majani mawili, chomeka kwenye mchanga mnyevu kivulini.

Mpogoaji: Napinga kidogo, dada. Kwenye chungu barazani ile kubwa inalipa. Mahuluti mengi (aina za kuchanganywa, kama hiyo kubwa) yana mizizi dhaifu, ndiyo maana yanabebeshwa juu ya shina gumu. Ila machipukizi yakitoka chini ya kiungo, yanyofoe mapema. Ukizembea, shina la chini litatawala na utapata maua mekundu wakati ulilipia ya njano!

Kichaka254: Mbona hamtaji *Hibiscus calyphyllus*? Hiyo ni ya kwetu Afrika: njano mpauko, jicho la damu ya mzee katikati. Inastahimili kivuli kiasi na inaota kwa mbegu. Hutanuka ovyo, kwa hiyo mkasi usikae mbali.

MamaMiche: Kibarazani, kona hiyo iko wapi hasa?

Kibarazani_Tanga: Upande wa bahari, dada. Hakuna ukuta.

MamaMiche: Eh! Upepo wa chumvi utababua majani ya zote tatu. Hapo ni mtakawa, ndugu yao: ua njano asubuhi, jioni limeiva wekundu, na chumvi haiushtui. Lakini ule ni mti, usiuweke karibu na msingi wa nyumba. Haibiskasi yako iweke nyuma ya nyumba penye jua.

Mpogoaji: Na kama chini ni mawe ya matumbawe, jaza shimo mboji. Majani machanga yakigeuka njano mishipa ikabaki kijani, ni upungufu wa madini ya chuma, chokaa ya mawe hayo inazuia mmea kuyapata. Kuongeza maji hakusaidii.

Kibarazani_Tanga: Naenda na ya kawaida, nyuma. Wadudu je?

Kichaka254: Ukiona sisimizi wanapanda shina, pindua majani: vidung'ata au wadudu mafuta, wafyonza utomvu, wamefika. Osha kwa maji ya sabuni jioni, kamwe si juani.