Nimechukua Forester yadi kwa mkopo, stika ya Kijapani inasema mengine. Niendelee kulipa?

Mpole wa Tabata
Wakuu habari za jioni. Naomba ushauri, na wale wa "hiyo hela ungenunua kiwanja" nawaomba wapite kimya.

Huu ni mwezi wa tatu tangu nichukue Subaru Forester SH5 ya 2008 kwenye yadi moja hapa Dar. Jina sitaji, bado tunadaiana. Bei milioni 21.5. Nilitanguliza 13, iliyobaki 8.5 tukaandikishana nilipe kwa miezi mitano, 1.7 kila mwezi. Nimelipa miwili. Kadi wanayo wao mpaka nimalize.

Siku naichukua dashibodi ilisoma kilomita 71,400. Muuzaji aliitaja hiyo namba mara nne kama mtu anayetaja mahari: "Bosi, elfu sabini na moja tu, ilikuwa ya mama mtu mzima huko Japan, anaendea sokoni." Leo inasoma 74,000 na kidogo.

Sevisi ya kwanza ilikuwa bure kwenye gereji yao. Niliacha gari asubuhi, nikaifuata saa kumi, nikaambiwa kila kitu tayari. Juzi nikasikia harufu ya oili kuungua, nikaenda kwa fundi wa mtaani. Kufungua, filta ya oili ni ileile ya zamani, ina kutu. Ya hewa imejaa vumbi. Wakati anamulika na tochi akaona stika chini ya boneti, karibu na shokapu ya kushoto. Maandishi ya Kijapani, halafu 29, 6, 11, na chini yake 104,312 km.

Kwa hiyo tarehe 29 mwezi wa sita 2011 ilikuwa na laki moja na elfu nne? Miaka mitatu tu toka kiwandani? Mama gani wa sokoni huyo!

Nimewapigia yadi, wamesema "hiyo stika ni ya gari nyingine". Fundi anasema nigome kulipa. Mke wangu anasema nirudishe gari. Mimi usingizi sina. Natanguliza shukrani.

Konda Mstaafu
Umepigwa.

Agiza Mwenyewe
Kila siku tunasema humu, agiza mwenyewe Japan, karatasi ya mnada unaiona kwa macho yako, madaraja na mikwaruzo yote imeandikwa. Watu mnapenda kupapasa rangi yadi.

Mpole wa Tabata
@Agiza Mwenyewe ningeagiza, mkuu. Lakini gari ikifika bandarini TRA hawaniulizi nitalipa mwezi gani. Yadi walinikubalia vipande vipande.

Mama Vipuri
Mpole, tulia kwanza. Nauza spea za Subaru na Toyota mwaka wa kumi na mbili, stika za Wajapani nimezizoea kuliko kanga zangu.

Hiyo 29 si tarehe, ni mwaka. Wajapani huhesabu kwa enzi ya mfalme wao. Enzi ya Heisei ilianza 1989, kwa hiyo unachukua namba ya mwaka unajumlisha 1988. 29 inakuwa 2017. Na wao huanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku. Stika yako inasema tarehe 11 mwezi wa sita 2017, kilomita 104,312. Gari ya 2008, miaka tisa, laki moja. Huyo mama wa sokoni anaingia akilini sasa.

Stika za kuanzia Mei 2019 ni za enzi ya Reiwa, hapo unajumlisha 2018. Reiwa 1 ni 2019.

Halafu nitumie picha ya hayo maandishi ya juu. Stika ya oili kawaida hubandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Ikiwa chini ya boneti, nahisi ni kitu kingine.

Mpole wa Tabata
Nimekutumia picha pembeni, dada. Mungu akubariki.

Mama Vipuri
Nimeiona. Herufi za katakana zinasomeka "taimingu beruto". Ni stika ya kubadili beliti ya taimingi, ule mkanda wa ndani unaopanga mwendo wa valvu na pistoni, si ya oili.

Kwa hiyo una habari mbili. Mbaya: saa ya kilomita imerudishwa, hakuna ubishi, gari haiwezi kuwa na 104,312 mwaka 2017 halafu ije Dar na 71,400. Nzuri: mtu wa Japan alibadilisha beliti kwa wakati wake.

Fundi Boksa
Hapo ndipo na mimi naingia. Wengi humu mnalilia kilomita kama mnalilia umri wa mchumba. Forester yenye laki na nusu iliyotunzwa naichukua kabla ya yenye elfu sabini iliyotelekezwa. Ubaya wa kilomita kurudishwa ni kwamba unakosea ratiba.

Injini yako ni EJ20, hiyo ina beliti, haina cheni. Zile FB20 zilizokuja baadaye ndizo za cheni. Beliti hubadilishwa kwenye kilomita laki moja. Wewe ukitazama dashibodi yako unasema bado nina elfu ishirini na sita za kutamba. Siku ikikatika uko Chalinze unapanda, valvu zinagongana na pistoni, na hapo hununui beliti tena, unanunua injini.

Pia mpira unazeeka hata gari ikiwa imelala. Toka 2017 mpaka leo hiyo beliti imeshakula chumvi. Badilisha wiki hii, pamoja na tensheni, zile roli zake na pampu ya maji, maana kazi ya kufungua ni hiyohiyo moja.

Harufu ya kuungua ni oili inavuja kwenye gasketi za kava za valvu inadondokea ekzosi. Injini nyingi za boksa, hizi za kulala za Subaru, zina huo ugonjwa, usiogope.

Kuhusu sevisi ya bure: ukipeleka gari gereji yoyote, chora filta alama kwa kalamu ya wino mzito, mahali pasipoonekana, na sema mapema kwamba spea za zamani unaondoka nazo. Utaona mtu anabadilika sura.

Muuza Magari
Nitatukanwa lakini naandika. Nipo yadi mwaka wa tisa, si hiyo ya mleta uzi.

Ndiyo, kilomita zinarudishwa. Kuna zinazokuja tayari zimechezewa, kuna zinazochezewa hapahapa mjini na kijana mwenye laptopu, haimchukui muda wa kunywa chai. Kwa nini? Mteja akiingia anachungulia dashibodi kabla hata ya kusalimia. Akiona 138,000 anageuka. Jirani yangu ana gari kama ileile, kaiandika 69,000, kauza ndani ya siku mbili kwa bei kubwa kuliko yangu. Mimi ya kwangu ilikaa na vumbi miezi mitano.

Sijitetei. Ila mleta uzi, usiombe maelezo ya mdomo, utapigwa siasa. Omba nakala ya cheti cha ekspoti cha Japan. Gari iliyosajiliwa kule hukaguliwa kila baada ya miaka miwili, na kilomita za ukaguzi wa mwisho mara nyingi zimeandikwa kwenye hicho cheti. Yadi wanacho, au wakala wa forodha anacho. Watakwambia kimepotea. Hakijapotea.

Konda Mstaafu
Leo shetani kakiri mwenyewe 😂

Bin Kisauni
Poleni ndugu zangu wa Dar. Sisi huku Mombasa gari lililozidi miaka minane haliingii nchini, kwa hiyo hilo la 2008 leo lisingeshuka bandarini petu. Lakini msidhani tumesalimika, saa zarudishwa vilevile. Mimi kabla sijatoa hata shilingi hulipeleka gari kwa wakaguzi wa AA, chama cha wenye magari huku Kenya, na yadi ikikataa lisitoke, huaga nikaenda zangu.

Sheria Kiganjani
Mpole, USIGOME kulipa kimyakimya. Soma mkataba wako, nina hakika kuna kifungu cha wao kuchukua gari ukichelewa. Ukigoma, wewe ndiye utakayekuwa mvunja mkataba na wao watasahau habari ya stika.

Silaha unayo. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214: kitu kilichouzwa kwa maelezo lazima kifanane na maelezo. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345: aliyedanganywa anaweza kuukataa mkataba. Lakini hapa kuna mtego. Wanaweza kudai ungeweza kugundua mwenyewe kwa umakini wa kawaida. Na ukishajua ukaendelea kulipa bila neno, itaonekana umeridhia.

Kwa hiyo andika barua leo. Taja kilomita walizokwambia, taja stika, weka picha, sema malipo yanayofuata unalipa bila kupoteza haki ya kudai. Peleka nakala mbili, moja wagonge muhuri wa kupokea. Je, risiti au mkataba umeandikwa hizo kilomita 71,400?

Mpole wa Tabata
Mkataba hapana. Ila tangazo lao la mtandaoni nililipiga picha kabla ya kununua, linasema 71,400 kwa herufi nyekundu.

Sheria Kiganjani
Hilo tangazo ni dhahabu. Liweke kwenye barua. Wakikaza shingo kuna Tume ya Ushindani, FCC, matangazo ya kumpotosha mlaji ni kazi yao. Mara nyingi kuitaja tu kwenye barua kunatosha.

Mke wa Fundi
Usirudishe gari, kaka. Milioni 16.4 umeshatoa. Utarudishiwa kwa awamu mpaka mtoto amalize shule. Omba wapunguze deni.

Mpole wa Tabata
MREJESHO. Nimekawia kidogo, samahanini.

Nilipeleka barua. Siku ya kwanza bosi hayupo. Ya pili bosi yupo ila kikaoni, na namuona kupitia kioo anakula chipsi. Ya tatu nikaenda na shemeji yangu ambaye ni mrefu na haongei. Tukakaa.

Cheti cha ekspoti "kilikuwa kimepotea" kama Muuza Magari alivyosema. Nikasema basi nitakiulizia FCC. Kikapatikana kwenye droo. Kilomita zilizoandikwa ni 138,600.

Nilidai wapunguze milioni tatu. Wao walianza na laki tano na sevisi nyingine ya bure, hiyo sevisi nikacheka mpaka shemeji akaongea. Tumekubaliana milioni moja na nusu itoke kwenye 5.1 iliyobaki, na imeandikwa kwenye karatasi mpya ikiwa na 138,600 ndani yake. Najua kuna watakaosema nimeuza haki yangu rahisi. Nimechoka, na gari naipenda.

Beliti, roli na pampu nimebadilisha kwa fundi wangu. Beliti ya zamani ninayo sebuleni, ina nyufa kama kisigino cha mkulima. Mke wangu ameniuliza mara mbili itatoka lini.

Fundi Boksa
Safi. Bandika stika yako sasa chini ya boneti, tarehe na kilomita za kweli.

Mgeni wa Mbezi
Nilikuwa msomaji tu humu, leo nimeshuka nikafungua boneti ya X-Trail yangu saa nne usiku na tochi ya simu. Kuna stika! Imeandikwa 3, 9, 20. Mama Vipuri tafadhali.

Mama Vipuri
Gari ya mwaka gani?

Mgeni wa Mbezi
2011.

Mama Vipuri
Basi ni Reiwa 3, tarehe 20 mwezi wa tisa 2021. Kilomita inasema ngapi?

Mgeni wa Mbezi
Hapo kwenye kilomita pamekwanguliwa.